Kilichobaki cha P9374

Tarehe 24 Mei 1940, Wajerumani wakiwa wameufikia mji wa Calais kaskazini mwa Ufaransa, rubani Mwingereza Peter Cazenove wa Kikosi namba 92 alilazimika kuitua Spitfire yake kwa tumbo kwenye mchanga wa ufukweni. Alitoka mzima. Akaungana na askari wa miguu waliokuwa wakiutetea mji, akatekwa, na miaka iliyobaki ya vita akaimalizia kambini, mikononi mwa Wajerumani. Ndege yake, namba P9374, ilibaki palepale. Maji yakajaa na kupwa, mchanga ukapanda, bahari ikaimeza. Mwaka 1980 mchanga ulihama na mabaki yakajitokeza: vyuma vilivyopinda, injini iliyoota kutu, bati lililoliwa na chumvi.

Mabaki hayo yalikaa kwa muda Ufaransa, kisha yakanunuliwa na kupelekwa Duxford, Uingereza, kiwanja cha zamani cha jeshi la anga ambacho leo kina makumbusho na karakana za mafundi wanaofufua ndege za vita. Mwaka 2011 Spitfire P9374 ilipaa. Julai 2015 iliuzwa katika mnada wa Christie's, London, kwa zaidi ya paundi milioni 3, na fedha zikaenda kwenye kazi za hisani, zikiwemo za mfuko wa kuwasaidia wanajeshi wa anga wa Uingereza na familia zao, na za shirika linalohifadhi simba, chui na jamaa zao wa mwituni.

Ile iliyopaa mwaka 2011 ni ileile aliyoiacha Cazenove? Serikali, kwa mujibu wa daftari la usajili, inajibu ndiyo: namba ni ileile, na namba ndiyo ndege. Mnunuzi naye alijibu ndiyo kwa fedha zake, kwa sababu hakuna anayetoa mamilioni kununua nakala. Lakini sehemu kubwa ya kiunzi na mabati ya P9374 ilitengenezwa upya, na mafundi walioitengeneza hawakulificha jambo hilo. Basi ni nini kilichotoka mchangani, kikapita karakanani, kikafika angani?

Ninapoelekea ni hapa. Ndege ya vita inaweza kutunzwa kwa ukweli wa namna mbili. Upo ukweli wa chuma chake, unaosema: mimi nilikuwepo siku ile. Na upo ukweli wa kazi yake, unaosema: hivi ndivyo nilivyonguruma, hivi ndivyo nilivyopinda kwenye kona, hivi ndivyo nilivyomhangaisha aliyenishika. Kiunzi kimoja hakiwezi kuubeba ukweli wote huo kwa ukamilifu. Anayetaka kazi lazima aachie chuma, na anayetaka chuma lazima akubali kimya. Uongo huingia pale mwenye ndege anapodai kuwa anavyo vyote viwili.

Sababu ya kwanza ya kutoviweza vyote ni ya kiufundi. Alumini peke yake ni laini mno kujengea ndege, hivyo viwanda vya miaka ya 1930 vilitumia duralumini, yaani alumini iliyotiwa shaba kidogo na madini mengine ili ipate nguvu. Shaba hiyo inayoipa nguvu ndiyo pia inayoifanya iwe dhaifu mbele ya chumvi. Kutu yake haili juu tu. Hupenya kwenye mipaka ya chembechembe za chuma, ikatenganisha tabaka kwa tabaka, hata bati likaonekana zima kwa macho huku ndani halina nguvu tena. Na hata pasipo chumvi, chuma huchoka. Kila kuruka na kila kutua hukipinda kidogo, na nyufa ndogo huanza kwenye matundu ya ribiti, mahali ambapo mkono haufiki.

Nguzo kuu ya bawa la Spitfire ni mfano mzuri. Ilitengenezwa kwa mirija ya mraba iliyochomekwa mmoja ndani ya mwingine, mingi pale bawa linapoungana na mwili, ikipungua kadiri bawa linavyoelekea nchani. Ulikuwa ubunifu wa hali ya juu: nguvu nyingi pale inapohitajika, wepesi pale usipohitajika uzito. Lakini kutu ikiingia kati ya mrija na mrija, nani ataiona? Fundi anayetia saini kwamba ndege iko salama anajua kwamba saini yake imebeba uhai wa rubani, na pia wa wazazi waliokaa na watoto wao majanini wakitazama juu. Kwa hiyo hung'oa cha zamani, hukipima, hukichora, kisha hutengeneza kingine kwa kipimo kilekile na kukipachika. Sioni kosa lolote hapo. Fundi angefanya vinginevyo ningemwita mzembe.

Hata vitu ambavyo havibebi uzito wowote hubadilishwa. Saa za kwenye dashibodi za enzi zile zilipakwa rangi yenye radiamu ili namba zing'ae gizani. Mng'ao wenyewe umefifia siku nyingi, ila mionzi ingalipo na itaendelea kuwepo kwa karne nyingi. Wafufuaji wengi huikwangua rangi hiyo na kupaka isiyo na madhara. Rubani wa leo anatazama mishale ileile kwenye sura ileile, ila hana kile alichokuwa nacho rubani wa 1940 bila kujua: sumu mbele ya kifua chake.

Mosquito, ndege ya kampuni ya de Havilland, inalisukuma swali hili hadi mwisho wake, maana ilikuwa ya mbao. Mwili wake ulijengwa kwa nusu mbili, kushoto na kulia, kila nusu ikiwa na mbao nyepesi ya balsa katikati ya tabaka za plaiwudi. Waya na mabomba yalifungwa nusu zikiwa bado wazi, kisha zikagandishwa pamoja. Waliozijenga walikuwa wakijenga kitu cha kupigana miaka michache. Hakuna aliyeiuliza gundi kama itadumu miaka 70. Ikifika Asia ya joto na unyevu, baadhi ya Mosquito ziliachia maungio zikiwa bado vitani.

Mosquito namba KA114 ilijengwa Kanada vita vikielekea ukingoni. Baadaye iliuzwa kwa mkulima wa Alberta, ikaachwa shambani, ikaoza mvua na theluji zikipita juu yake. Huko New Zealand, mtu aitwaye Glyn Powell alikuwa ametumia miaka mingi kutengeneza upya kalibu za kuumbia mwili wa Mosquito. Kwa kalibu hizo, mafundi wa kiwanja cha Ardmore, karibu na Auckland, walijenga mwili mpya na mabawa mapya kwa mbao mpya na gundi ya kisasa, na tarehe 27 Septemba 2012 ndege ikaruka. Kutoka kwenye KA114 ya kale vilivyoweza kutumika vilikuwa hasa vyuma. Mbao yake yote ilikuwa imerudi udongoni.

Mtu akitaka kuiita nakala sitagombana naye. Lakini nakataa kuiita bandia. Pale Ardmore kilirudi kitu ambacho hakiwezi kuzikwa mchangani wala kufukuliwa: ujuzi wa mikono. Namna ya kukunja plaiwudi juu ya kalibu, namna ya kubana, muda wa kusubiri, mpangilio wa kazi. Vitabu vya kiwanda huandika vipimo, ila haviandiki kila kitu alichokijua seremala wa kiwanda cha samani aliyepelekwa kujenga ndege za vita. Ujuzi ule ulikuwa umebaki kwa wazee wachache, nao walikuwa wakiondoka. Kuupata tena kulihitaji kuifanya kazi yenyewe, kukosea na kurudia. Kwangu huo ni uhalisi mzito kuliko wa kipande cha bati kilichowekwa kwenye kioo.

Ukweli wa kazi una jambo jingine ambalo makumbusho yaliyo kimya hayawezi kulitoa, nalo ni kasoro. Injini za kwanza za Merlin zilizofungwa kwenye Spitfire zilikuwa na kabureta yenye boya. Rubani akiisukuma pua ya ndege chini ghafla, mafuta yalirukia juu ya kabureta na injini ikakatika kwa muda. Messerschmitt 109 ya Wajerumani ilinyunyizia mafuta moja kwa moja ndani ya mitungi ya injini, haikuwa na tatizo hilo. Rubani wake alijua kwamba akifukuzwa na Spitfire, kupiga mbizi kungeweza kumwokoa. Ni mwaka 1941 tu ndipo mhandisi Beatrice Shilling, aliyekuwa akifanya kazi kituo cha utafiti cha Farnborough, alipobuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu kilichozuia mafuta yasifurike, na yeye mwenyewe akazunguka kwenye viwanja vya jeshi kusimamia kifungwe.

Sasa, anayeifufua Spitfire ya Mei 1940 aifunge na kipande cha Shilling au asiifunge? Tarehe inasema asiifunge. Siku Cazenove anatua Calais, kipande hicho hakikuwepo duniani. Anayeacha kasoro ile mahali pake anamheshimu rubani wa wakati ule kwa namna ambayo rangi safi ya ubavuni haiwezi, kwa sababu ushujaa wa vijana wale haukutokana na kuwa na mashine kamilifu. Walikwenda na mashine yenye upungufu walioufahamu, wakajifunza kuibingirisha ndege mgongo chini kwanza ndipo wazame, ili injini isikatike. Hilo husomwa vitabuni, ila mwenye kulijua barabara ni yule aliyewahi kuisikia Merlin ikikohoa mikononi mwake.

Mipaka ya ukweli huu nayo lazima itajwe. Bunduki nane za Spitfire ya leo hazina risasi. Redio ni ya kisasa. Injini haikamuliwi hadi mwisho wa nguvu zake kama wakati wa vita, kwa sababu vipuri ni haba na kila saa ya kuruka ni gharama. Rubani ni mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Aliyeiendesha mwaka 1940 pengine alikuwa na miaka 20 na saa chache tu za mafunzo kwenye ndege ya aina ile. Na hofu haipo. Tunachokipata ni sehemu ya kazi, si kazi nzima, na pengine ni vyema ikabaki hivyo.

Sauti ndiyo inayowagusa wengi, na sauti ndiyo rahisi zaidi kudanganya. Filamu ya *Battle of Britain* ya mwaka 1969 ilihitaji ndege za Kijerumani kwa wingi, nazo zikapatikana Uhispania, ambako nakala za Messerschmitt zilijengwa baada ya vita na kufungwa injini za Rolls-Royce Merlin. Kwa hiyo kwenye mapigano yale ya filamu, adui anaruka kwa injini ya anayempiga. Baadhi ya ndege hizo zinaruka hadi leo kwenye maonyesho. Kinyume chake, jumba la Planes of Fame huko Chino, California, lina Zero ya Kijapani iliyokamatwa kisiwani Saipan mwaka 1944, nayo bado inatumia injini ya Sakae, aina iliyoundiwa. Zero nyingine zinazoruka zimefungwa injini za Kimarekani. Ikiwashwa ile ya Chino, msikilizaji anasikia mlio ambao hakuna Zero nyingine hai inayoutoa. Hapo sioni cha kubishania: ule ndio mlio, na injini ile ikifa mlio utakuwa umeondoka angani.

Lakini je, iendelee kuwashwa? Hapa ndipo upande wa pili wa hoja unaponibana.

Marekani, makumbusho ya taifa ya anga ya Smithsonian yana ndege ya mabomu ya B-26 iitwayo Flak-Bait. Ilikwenda vitani zaidi ya mara 200 na kurudi. Mwili wake una viraka zaidi ya elfu moja, kila kiraka kikifunika tundu la risasi au la kipande cha kombora. Zamu ya kuishughulikia ilipofika, makumbusho yaliamua kutoipaka rangi mpya wala kuinyoosha. Kilichofanywa ni kusafisha, kuzuia kutu isiendelee, na kuviacha viraka vile jinsi vilivyokuwa. Uingereza nako, makumbusho ya jeshi la anga yaliyoko Hendon yana Halifax namba W1048, iliyopigwa usiku wa 27 Aprili 1942 ikishambulia meli ya kivita ya Tirpitz huko Norwei, ikatua juu ya ziwa lililoganda. Barafu ikayeyuka, ndege ikazama. Ilitolewa mwaka 1973, na ikawekwa kama ilivyotoka ziwani, imechakaa, imechanika. Mtu aliyesimama mbele yake haoni ndege ya kuvutia. Anaona usiku mmoja.

Kufufua kungeufuta usiku huo. Tuseme hivyo waziwazi, kwa sababu wafufuaji wengi hawapendi kulisema: kila ukarabati ni ubomozi wa ushahidi. Rangi inayokwanguliwa ina tabaka, na kila tabaka ni kikosi, ni kituo, ni mwaka. Penseli ya fundi wa kiwandani iliyoandika namba nyuma ya bati, alama ya nyundo ya mtu aliyekuwa na haraka, kiraka kilichopigwa usiku ili ndege iende asubuhi: vitu hivi vikienda havirudi, na hakuna ufundi wa Duxford au Ardmore utakaovirudisha.

Mfano unaoniuma zaidi uko barani kwetu. Tarehe 28 Juni 1942 rubani Dennis Copping alikuwa akihamisha ndege ya P-40 Kittyhawk iliyoharibika kutoka kituo kimoja hadi kingine nchini Misri. Alipotea njia, akatua kwenye jangwa la magharibi. Mwaka 2012 ndege ilikutwa huko, mamia ya kilomita kutoka mjini, karibu nzima. Mchanga ulikuwa umekwangua rangi, matundu yalionekana, na kando yake palikuwa na mwavuli wa kurukia ambao inaelekea Copping aliufanya kivuli dhidi ya jua kabla hajaondoka kwa miguu. Hakuonekana tena. Ndege ikachukuliwa hadi makumbusho ya kijeshi ya El Alamein, na huko, baada ya miaka michache, ikapigwa rangi mpya ya kung'aa isiyofanana na ile aliyoruka nayo Copping. Miaka 70 ya jangwa, na siku za mwisho za kijana mmoja zilizokuwa zimeandikwa juu ya chuma, vilifunikwa kwa kopo la rangi. Haiwezi kuruka, na haiwezi tena kushuhudia. Imepoteza kweli zote mbili.

Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi: ndege ya jeshi iliyoanguka haiguswi bila kibali, kwa sababu nyingi ni makaburi. Naiona ni sheria ya haki. Palipo na mifupa, mazungumzo ya kuruka tena yakome.

Kuna njia ya tatu ya kuwa halisi, nayo nchi yangu inaijua vizuri. Meli ya MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen. Ilivunjwa vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikapelekwa Dar es Salaam na kutoka huko hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kwa ajili ya vita. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha wasiiache kwa adui. Ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, na miaka ya 1970 injini zake za mvuke zikatolewa, zikafungwa za dizeli. Imebadilishwa jina, bendera, injini na mabati. Hata hivyo sijawahi kusikia mtu wa Kigoma au Kasanga akiuliza kama ni meli halisi. Ilibeba dagaa, unga, wakimbizi na maharusi kwa miongo mingi, na mabadiliko yake yalikuja polepole, kila moja likiwa na sababu ya kazi.

Ndege nayo inaweza kuwa na maisha ya namna hiyo. Usiku wa kuamkia 6 Juni 1944, msururu mkuu wa ndege zilizobeba askari wa miavuli wa Marekani kwenda Normandy uliongozwa na C-47, ambayo kwa Waingereza ni Dakota, iliyoandikwa puani That's All, Brother. Vita vilipokwisha iliuzwa kama ndege nyingine yoyote. Ikapita mikononi mwa wamiliki wengi, ikifanya kazi za kawaida, bila wao kujua ilikuwa nini. Mwaka 2015 ilikuwa kwenye karakana Oshkosh, Wisconsin, ikingoja kugeuzwa kuwa ndege ya injini za kisasa. Kumbukumbu za jeshi ndizo zilizoitambulisha, kwa namba yake. Wapenzi wa ndege wakaichangia, ikarekebishwa, ikaruka mwaka 2018, na Juni 2019 ilikuwa tena juu ya Normandy. Chuma chake ni kilekile kwa sababu hakikuwahi kuacha kazi.

Lililoiokoa ni makaratasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye ndege za vita daftari lina uzito kuliko rangi. Ona kilichotokea upande wa pili. Kwa miaka mingi ndege ya mabomu ya B-17 yenye jina Nine-O-Nine ilizunguka Marekani ikibeba abiria waliolipa ili waonje safari ya 1944. Nine-O-Nine ya kweli ilikwenda vitani mara 140 kutoka Bassingbourn, Uingereza, na baada ya vita ikauzwa kama chuma chakavu. Iliyokuwa ikizunguka ilitoka kiwandani mwaka 1945, ikachelewa vita. Ilikuwa na historia yake, nayo ni ya kutisha: mwaka 1952 iliwekwa kwenye jangwa la Nevada wakati wa majaribio ya mabomu ya nyuklia, ili waone mlipuko ungeifanya nini. Ikasalia. Baadaye ikanunuliwa kama chakavu, ikafanywa ya kuzimia moto wa misitu.

Ndege hiyo ilikuwa shahidi wa mambo ambayo B-17 chache sana ziliyaona. Ikavalishwa jina la nyingine, kwa kuwa watu walitaka hadithi ya Uingereza na hawakutaka ya Nevada. Tarehe 2 Oktoba 2019 ilianguka Connecticut, watu saba wakafa. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2022, B-17 nyingine iligongana na ndege ya kivita ya P-63 katika maonyesho ya Dallas, wakafa sita. Wapo wanaosema baada ya vifo hivyo kwamba ndege hizi zote ziwekwe chini. Siwezi kuungana nao moja kwa moja, ila nawaelewa. Ninaloshikilia ni kwamba anayepanda ana haki ya kujua amepanda nini: chuma kina umri gani, kilipita wapi, nani alikikagua mara ya mwisho. Hiyo ni sehemu ya uhalisi, tena ile inayookoa maisha.

Na rangi? Mfufuaji huchagua siku moja katika maisha ya ndege na kuivalisha siku hiyo. Dakota nyingi zinazoruka Ulaya na Marekani huvaa mistari myeusi na myeupe ya Juni 1944, mistari ya Normandy. Ni siku kubwa, sina neno. Lakini Dakota zilikuwa na siku nyingine, na baadhi ya siku hizo zilikuwa za watu wetu. Katikati ya masika ya mwaka huohuo wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa Keya (King's African Rifles) kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilikuwa ikishuka bonde la Kabaw huko Burma kwenye matope, malaria na mashambulizi ya Wajapani. Barabara hazikupitika. Mchele, risasi na dawa vilishuka kutoka angani, na Dakota zilikuwa miongoni mwa ndege zilizovileta zikiruka chini ya mawingu kati ya milima. Desemba waliingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Wasingefika bila ndege zile. Baadhi yao hawakurudi, na majina ya watu wa Afrika Mashariki yako kwenye makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon.

Ukweli wa ndege unahusu pia waliokuwa chini yake wakiitazama kwa njaa. Vifurushi vile havikuwa na mistari ya Normandy, na waliovipokea waliitana kwa Kiswahili.

Nina maombi mawili kwa wanaofufua ndege. La kwanza, kando ya kila ndege inayoruka bandikeni orodha mtu wa kawaida aweze kuisoma: hiki ni cha 1940, hiki kilitengenezwa mwaka jana, hiki tulikitoa na kiko ghala fulani. Msione haya kwa sehemu ndefu ya vipya. La pili ni kwa mwenye Dakota ambaye rangi yake imechakaa na yuko njia panda aipake nini: aipake rangi ya vikosi vya Burma, na akisimama mbele ya watu kueleza, awataje askari wa Keya.